Kidole cha Kuvukia Mto

"Futa hapo, Mwalimu," alisema mjane, macho yake yakiwa kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua.

Mwalimu akaacha kusoma, akashika kalamu. Alikuwa amekula vumbi la basi siku nzima, kutoka Mbeya hadi Iringa, ili amsomee mama huyu ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokuwa akiandika juu ya marehemu mume wa mama huyo. Liberatus, baharia wa manowari, alijitosa baharini wakati wa vita akaokoa wenzake watatu. Yeye mwenyewe hakurudi.

"Nifute nini, mama?"

"Hapo uliposema tangu utotoni hakuogopa maji. Huyo aliogopa maji kama paka! Tukienda kwa wazazi wangu tulikuwa tunavuka mto Ruaha, maji ya magotini tu. Natangulia mimi, yeye nyuma."

"Alikushika mkono?"

"Mkono watu wangeona. Lete kidole."

Akakikamata kidole kidogo cha Mwalimu, kwa vidole vilivyokakamaa kwa kazi, akakibana mpaka ukucha ukawa mweupe. Mwalimu aliona haya, lakini hakukivuta.

"Hivi," alisema mjane. "Mpaka ng'ambo."

"Na siku ile baharini, mama..."

"Ndilo ninalojiuliza miaka yote hii. Siku ile alishika cha nani?"

Kalamu ilikuwa imeanguka kwenye mahindi. Mwalimu hakuiokota. Kidole chake kilikuwa bado kimeshikwa.