Uso wa Musyoka

Mbinya alifuta pua ya baba yake kwa mara nyingine, akaichora upya, kisha akamgeukia mama yake.

"Hapo je, Mama?"

Syokau aliinamia kioo cha tableti. "Punguza kidogo."

Mbinya akapunguza. Alikuwa amechoka hoi. Walikuwa wametoka nyumbani Nunguni alfajiri, wakateremka hadi duka hili la Kibwezi, mama akimshika bega njia nzima kwa sababu ya magoti. Na bado pua ilikuwa ya mtu mwingine.

Baba yake, Musyoka, alikufa Mbinya akiwa hajaota meno. Picha aliyoacha ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho, nacho kilirudishwa serikalini siku ya kuchukua kibali cha mazishi. Hakuna aliyekumbuka kutoa nakala. Watu walikuwa wakilia, na wanaolia hawawazi mambo ya nakala. Ndugu zake nao wameshamfuata.

Sasa Mbinya ana mtoto wa kiume, na kwa desturi amepewa jina la babu. Mtoto anataka kujua huyo Musyoka wa kwanza alikuwaje. Uso ule umebaki mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa Syokau. Na daktari alisema macho ya Syokau yana presha, yatazimika wakati wowote.

Ndiyo maana Mbinya alikuwa akichora, mama akisahihisha. Mwanzoni mama alikuwa mkali kweli. Nyusi za Musyoka zilikutana! Sikio la kushoto lilichomoza! Wewe mtoto, huyo umemchora mhubiri gani? Karatasi zikatoboka kwa kufutwa. Siku hizi alikuwa amepoa, neno lake likawa moja: punguza kidogo. Mbinya aliona tatizo ni karatasi. Kijana mmoja wa kanisani akamweleza kwamba kuna tableti ambazo unachora kwa kalamu juu ya kioo chenyewe, unafuta upendavyo, unaukuza uso hata mwenye macho mabovu auone.

"Hiyo unajaribu ni tamu, lakini bei yake ni ya watu wa Nairobi," alisema Kanyi, mwenye duka. "Hii ingine ni rahisi, ila haionyeshi kitu. Unachora hapa chini, unaangalia kwa laptop."

"Hiyo Mama hataweza kuifuata," Mbinya alisema.

Syokau alikuwa ametulia kwenye stuli yake, uso ameuelekeza mlangoni. "Hakuna ya bei ya watu kama sisi?"

"Iko moja, Shosho. Ya mtumba." Kanyi aliitoa kwenye rafu, akaiweka mbele yake. "Imekwaruzwa pembeni kidogo, lakini bei haiumi. Kioo ni kizuri, picha inatoka kama mtu mwenyewe. Wacha nihamishie humu ule mchoro wenu." Akainama chini ya kaunta.

Mbinya alikaa juu ya kreti ya soda kando ya mlango, akafumba macho. Kidole kilimuuma pale kalamu inapokaa. Alimpenda mama yake, na alimpenda huyo baba asiyemjua, lakini leo alitamani mtu amwambie basi, imetosha, nenda nyumbani ukalale.

"Asi!" mama aliguta kwa mshangao.

Mbinya akafumbua macho. Kutoka pale alipokaa aliona mgongo wa tableti, na juu yake uso wa mama, machozi yakimtiririka. Viganja vya Syokau vilikuwa vikiipapasa tableti polepole, kama anavyompapasa mjukuu wake mashavu kila anapoletewa.

"Ndiye," Syokau alisema. "Ndiye huyu, Mbinya. Pua ni yake. Hata sikio ni lile lile. Chukua hii, mwanangu. Umefanya kazi, sasa upumzike."

Mbinya hakuinuka. Alilia pale pale juu ya kreti, akicheka, uchovu wa miezi yote ukimtoka mabegani. Amemaliza. Mama amemwona mumewe kabla ya giza kuingia.

Kanyi aliinuka kutoka chini ya kaunta, akipangusa vumbi kwenye waya.

"Poleni kwa kungoja," alisema. "Sasa hata tunaweza kuiwasha."