Mlango wa Karakana

Fundi alikaza komeo la mwisho la mlango wa chuma, kisha akauegemea kwa bega, kana kwamba mwili wa mzee mmoja ungeweza kuizuia bahari.

Alikuwa peke yake katika karakana, chumba cha nyuma kabisa cha meli iliyosheheni saruji. Tangu alfajiri tufani ilikuwa ikiichezea meli hiyo kama kopo tupu, na sasa meli ilikuwa imelalia ubavu. Agizo la nahodha lilimfikia kwa simu ya ukutani, kwa sauti kavu isiyo na salamu: ujia wa nje ya karakana ulikuwa umeanza kuingiza maji, afunge mlango wala asimfungulie yeyote, kwani maji yakifika nyuma, meli itazama na wote waliomo. Umeme ukakatika, na simu ikafa.

Fundi hakuwa mtu wa kujadili amri. Mabaharia wenzake walimtania kwamba hata usingizi aliulala kwa kuamriwa, naye aliichukua dhihaka hiyo kuwa sifa.

Punde mtetemo wa injini ukakoma. Halafu mlango ukagongwa.

Ilikuwa nyundo, tena yenye mpigo wa mpangilio. Nyuma yake ikaja sauti iliyochujwa na chuma na mvumo wa upepo, maneno mawili matatu tu yakipenya. Fundi aliitambua papo hapo. Ilikuwa ya mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu anatambaa, na ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi melini.

"Mjomba, fungua!"

Mkono wa Fundi ulikwenda kwenye komeo bila kumwomba ruhusa. Akaurudisha. Alipotazama chini aliona maji yakichuruzika kizingitini. Huko ujiani, alijisemea, yamekwisha kumfika kifuani.

"Siwezi, mwanangu," akajibu, midomo ikigusa chuma. "Nina roho za wenzetu mkononi."

"Acha ukaidi wako, mjomba! Fungua!"

Hata kifo hakijamfunza adabu huyu, aliwaza Fundi. Akatabasamu, na tabasamu lenyewe likamchoma.

Nyundo ikaendelea. Sauti nyingine ikaungana na ile ya kwanza, nzito, ya mpishi, naye akimwita kwa jina. Wawili sasa. Fundi akachukua matambara ya kufutia grisi, akayasokomeza masikioni, akasali kwa sauti kubwa ili asiwasikie wakimsihi. Alisali sala zote alizozijua, akazirudia. Mgongo wake, ulioegemea mlango, uliendelea kuhisi kila pigo.

Hatimaye mgongo haukuhisi tena kitu.

Alipoyatoa matambara, upande wa pili kulikuwa kimya. Akaporomoka hadi sakafuni, akalia kwa kwikwi, yeye ambaye hata katika mazishi ya dada yake hakuonekana na chozi. Alimweleza marehemu, kama anayesimama mbele ya hakimu, kwamba mwanawe alitolewa ili watoto wa wanawake wengine warudi kwa mama zao, na kwamba kama alikosea, watahukumiana watakapoonana.

Meli ikaguna, ikalalia ubavu zaidi. Fundi akajikokota juu ya vyuma vilivyotawanyika hadi kwenye kidirisha cha duara, akafuta kioo kwa kiganja, apate angalau kuona kama kile alichokinunua kwa damu yake mwenyewe bado kinaelea.

Mashua ya uokoaji ilikuwa imekwisha kujitenga na meli. Ndani yake walikuwamo wote: nahodha, mpishi, mabaharia kila mmoja; na nyuma kabisa, watu wawili walikuwa wakimshikilia mpwa wake kwa nguvu zao zote, asijitupe majini kumrudia.