Shujaa wa Bwana Lawrence

"Shika kwa ncha za vidole," Bwana Lawrence alifoka. "Huyo si mtu wa kushikwashikwa."

Vijay aliishika picha kwa ncha za vidole, damu ikimchemka. Askari wa Kijerumani, nishani ya ushujaa shingoni, sahihi yake kwa wino mweusi chini ya kifua. Ya kumi na moja tangu Krismasi. Zote alizitia fremu yeye, na kwa kila moja roho ilimuuma.

Angefanyaje? Kufukuzwa Uganda pamoja na Wahindi wenzake kulimwachia mke, mtoto na sanduku moja. Kiduka hiki cha fremu hapa Rayners Lane, London, na vyumba viwili vya juu wanakolala, ni mali ya Bwana Lawrence. Mzee mwenyewe, ajabu, vita vya pili vya dunia alipigana upande wa Waingereza. Sasa anawasujudia aliokuwa akiwapiga risasi! Picha huagiza kwa posta, kwa mjane mmoja wa Kijerumani aliyeko Ilford. Hawajaonana hata siku moja.

"Mvumilie," mkewe Geeta humwambia kila mara. "Mtengenezee vizuri, ucheke naye." Kazi ya fremu Vijay alifundishwa na huyo huyo Geeta, aliyekulia kwenye studio ya baba yake kule Jinja, akirekebisha nyuso za wateja kwa brashi. Na kila Jumanne huvaa koti, akaenda zake Ilford kwa dada yake. Vijay alishaanza kumwona mkewe hana uchungu.

"Tazama hiyo pua," Lawrence aliendelea. "Tazama hilo paji la uso. Damu safi, haikuchanganyika na takataka. Wangetawala watu kama huyu, nyinyi msingeshuka hata kwenye ndege."

Basi, uvumilivu ukamwisha. Vijay aliichana picha katikati, akaichana tena, mbele ya macho ya mzee.

Lawrence aligeuka mwekundu kama nyanya. "Jumamosi nataka funguo zangu! Na mwanao, na masufuria yenu, na harufu zenu, nje!"

"Chukua hata leo!" Vijay alimfokea mpaka mlangoni.

Hasira ilimpandisha ngazi, ikamwacha alipofika juu. Jumamosi watakwenda wapi na mtoto? Geeta alikuwa jikoni anakata vitunguu. Vijay alimweleza yote bila kuficha, akamwekea vile vipande vinne mezani, amwone mwenyewe mtu aliyewaponza.

"Nisamehe, mama Ranjan. Nilishindwa."

Habari za funguo Geeta hakuziuliza. Alifuta mikono, akaviunganisha vipande kimoja kimoja mpaka uso ukatimia.

"Baba Ranjan, umemchana babu yangu," alisema. "Kumpaka weupe tu kulinichukua siku tatu."