Wasimamizi Wawili wa Lukelo

Kwa mara ya tatu wiki ile, Balbina alimkuta Lukelo amelala mezani, shavu juu ya sahani ya mbegu za mpunga. Alipomgutusha, punje nne zilikuwa zimemganda usoni.

"Samahani, mama," kijana alisema, akaendelea kuhesabu kama mtu ambaye hakuwa amelala.

Lakini hesabu ilishaharibika. Mbegu za sahani ya sita alikuwa amezimwaga kwenye ya saba, na aina zile mbili huwezi kuzitenganisha kwa macho. Kazi ya siku tisa ilikuwa imepotea.

Balbina akavuta kiti, akakaa. Miguu ilimvimba tangu asubuhi. Alikuwa na miaka kumi na saba kwenye maabara ya mbegu ya chuo kile, pale Ifakara, na kila mwaka aliletewa wanafunzi wanne wanaofanya kazi ili waweze kusoma. Hakuwa na nguvu tena ya kugomba.

"Nenda bombani ukanawe uso."

Lukelo akatoka.

Wanafunzi wale walikuwa na wasimamizi wawili. Asubuhi walikuwa chini ya Balbina. Mchana walipanda baiskeli kwenda Michenga, kwenye majaruba ya mpunga wa majaribio, chini ya mzee Fridolin. Balbina hakuwahi kuupenda utaratibu huo. Fridolin alikuwa mtu wa kupiga simu, na akipiga alifoka mpaka mtu wa chumba cha pili akasikia. "We Balbina, watoto umewachosha! Unaniletea maiti!" Naye Balbina alimjibu vivyo hivyo.

Hata hivyo, tangu masika yaanze, mzee alikuwa ametulia. Barabara ya Michenga ilijaa tope, akaacha kuja mjini hata kwenye vikao. Hakupiga simu tena, akawa anaandika ujumbe. "Mama, maji yamepungua, kesho tunapalilia. Pole na kazi."

Mama! Siku ya kwanza Balbina alicheka peke yake. Taarifa za Michenga zilimfikia kwa wakati, zimenyooka kuliko mwaka wowote. Akawaza kwamba uzee umemlainisha. Mwakani anastaafu, labda anataka kuagana kwa amani. Kwa mara ya kwanza, ule mzigo ulikuwa na watu wawili wa kuubeba.

Ndiyo maana siku ile hakusita kumwandikia. Mwanafunzi hakuachishwa kazi mpaka wasimamizi wote wawili wakubaliane.

"Mzee, Lukelo amenishinda. Kila siku analala, leo ameharibu kazi ya siku tisa. Nataka aondoke, tupewe mwingine. Unasemaje?"

Akaiweka simu mezani, akabaki anaiangalia. Alijua kazi ile ndiyo inayomweka Lukelo bwenini. Baba yake alikuwa mkata miwa, na nyuma yake walikuwepo wadogo watatu. Nusu ya moyo wa Balbina ilitaka mzee akatae. Fridolin wa zamani angekataa, tena kwa kelele.

Huko nje maji ya bomba yalikuwa yakimwagika tu, hakuna wa kuyafunga. Jibu lilichelewa, kisha likaja.

"Ni kweli mama. Mbegu hizi zinasubiriwa na wakulima wengi, haifai zichanganywe. Aondoke. Ila naomba amalize wiki, Ijumaa tunavuna. Na hao wengine watatu usiwaguse, hawana kosa."

Balbina alisoma mara mbili. Aliumia kuliko alivyotegemea.

Bomba likanyamaza. Lukelo akaingia, uso umelowa, macho mekundu.

"Nimewasiliana na mzee Fridolin," Balbina alimwambia.

"Ndiyo, mama."

"Amekubali uondoke wiki hii ikiisha. Hujitetei?"

"Hapana, mama. Kosa ni langu."

Akachukua ufagio, akaanza kukusanya punje zilizodondoka sakafuni. Alipofika mlangoni akasimama. "Mzee si mtu mbaya, mama. Usije ukamchukia kwa hili."

Balbina akafunga daftari la hesabu. Alirudi nyumbani kwake, mtaa wa Viwanja Sitini, akalala bila kula.

Jumamosi ile barabara ilikuwa imekauka. Alipanda bodaboda hadi Michenga, karatasi ya kumwachisha kazi Lukelo ikiwa kwenye pochi. Upande wake alishasaini. Ilibaki saini ya Fridolin. Alipita kando ya majaruba. Mpunga wote ulikuwa umekatwa, umefungwa matita, kila tita na kibao chake, na mwandiko ulikuwa safi. Alijisikia vizuri kidogo. Mzee kweli alikuwa ameshika kazi.

Nyumba ya Fridolin ilikuwa hatua chache kutoka hapo. Mkewe, Edna, alitoka akijifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa amekonda sana.

"Shikamoo, mama," Balbina alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Habari za mjini?"

"Nzuri. Sikai, mama. Nimemletea mzee karatasi ya kusaini, ya yule mwanafunzi Lukelo. Tulishakubaliana kwenye simu kwamba aondoke."

Edna aliitazama karatasi, halafu akamtazama yeye.

"Umekubaliana na nani?"

"Na mzee mwenyewe. Jumatano."

Yule mama akakaa kizingitini taratibu.

"Mzee wangu yuko ndani kitandani, mwanangu. Tangu Kwaresima mkono hauinuki, neno halitoki, na ili asipoteze kazi kabla ya kustaafu, simu yake tulimpa Lukelo."