Goti la Kushoto

Kendrell alikuwa amelala chali hospitalini, mguu wa kushoto umefungwa plasta hadi pajani. Zilibaki mechi mbili tu za futiboli ya Kimarekani amalize chuo, na Aprili timu za kulipwa zingegombania kumchukua. Asubuhi hiyo daktari alikuwa amemwambia hatacheza tena.

"Bima yako ya kuumia usiweze kucheza tena ni dola milioni moja," alisema mtu wa bima kwa upole, kalamu mkononi. "Nina swali moja. Goti hili liliwahi kuumia kabla hujaweka sahihi mkataba wa bima mwaka jana? Jeraha la zamani hatulilipi."

"Hapana," akajibu Kendrell. Ndivyo alivyojaza kwenye fomu.

Mama yake alikuwa akimpangusa jasho. Swali lile lilimchoma, kana kwamba mwanawe anaitwa legelege.

"Usimwone amelala hapa, kaka. Huyu ni mwanamume wa shoka! Mwaka juzi goti hilihili lilivimba kama boga. Nilimkanda mwenyewe kwa barafu, jikoni kwangu, na Jumamosi akaingia uwanjani. Hakumwambia kocha, hakumwambia daktari!"

Mtu wa bima akainua macho.

"Mwaka juzi, mama?"

Kendrell akambana mama yake vidole kwa nguvu zake zote. Mama akadhani maumivu yamemzidi, akaufunika mkono wa mwanawe kwa viganja viwili.

"Mwambie mwenyewe, baba," akamhimiza. "Usione haya."

Kalamu ilikuwa imeshaanza kuandika.