Kioo Chini ya Pua

Jirani anadai mwanangu anaongelea puani kwa sababu nilimlisha chakula kigumu kabla mshono wa kaakaa lake haujapona. Mume wangu ameyameza maneno hayo mazimamazima.

Leo daktari alimwekea mtoto kioo kidogo chini ya pua. "Sema papa, mrembo."

Alisema. Kioo kikaingia ukungu.

"Mshono ulishika vizuri, ila kaakaa lenyewe ni fupi, hewa inatorokea puani. Si kosa la mama. Tukimpasua tena, watu watamwelewa."

Mume wangu akaisukuma kando fomu ya kukubali upasuaji. "Mama yake anamwelewa. Inatosha."

Miaka saba nimekuwa mkalimani wa mwanangu, hadi dukani.

Mtoto akashuka kitini, akampelekea baba yake kalamu.

"Baba, tia sahihi."

Sote tulimwelewa. Baba yake hakuipokea kalamu, akaanza kutafuta kofia yake aondoke.