Mkono wa Mwosha Maiti

"Mabibi wote wa mji huu wamepita mikononi mwangu," Bi Tumu, mwosha maiti, alimwambia mwalimu mstaafu aliyekaa naye jukwaani. "Ila hajarudi hata mmoja kunishukuru."

Nishani ya mkoa aliyoitiwa hakuwa na haja nayo. Alitaka kupewa mkono mbele za watu, maana mjini walimsalimia kwa mbali, utadhani kifo kinaambukiza.

Mkuu wa mkoa akamvika nishani kwa ncha za vidole. Bi Tumu akanyoosha mkono.

"Niwie radhi, mama. Mkono wangu umeteguka."

"Pole, mwanangu."

Akaitwa mwalimu. Mkuu akamshika mkono, akautikisa mpaka miwani ya mzee ikacheza. Alipogeuka, Bi Tumu alikuwa angali pale pale, mkono kaunyoosha.

"Umeshapona, baba?"